Cheti cha Kuacha Gari Nyumbani

Iko nchi moja, jina lake siliandiki, maana ni nchi yenye wasiwasi sana: ukiitaja tu inageuka na kukuuliza umetumwa na nani. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina mto, ina mahindi, ina wimbo wa taifa wenye beti nne, na ilikuwa na Waziri mmoja aliyekwenda ng'ambo kwa siku kumi na mbili akarudi amebadilika.

Alichokiona huko kilimtoa machozi, alisema mwenyewe redioni. Aliona watu wazima, wenye kazi zao na suti zao, wanakwenda ofisini kwa miguu. Wengine wako juu ya baiskeli, kofia ngumu kichwani, mkate kwenye kikapu.

"Ndugu wananchi," akasema, na sauti ikamkatika kidogo, "nimeona maajabu. Mtu ana gari, na bado anatembea! Je, sisi tutafika huko lini?"

Sasa katika nchi hiyo, ukikaa barazani asubuhi ukahesabu watu kumi wanaopita, wanane wako kwa miguu, wa tisa yuko juu ya baiskeli amempakia mkewe na gunia la mkaa, na wa kumi ndiye anayewarushia tope wote. Lakini nani angemwambia? Mtu ametoka mbali na furaha yake, utamkatizaje.

Wiki tatu hazikupita ikaundwa Wizara ya Mwendo Mwema. Kazi yake ni kuhimiza watu watembee, wapande baiskeli, wapunguze magari katika safari zao za kila siku. Na kwa kuwa kazi hiyo ina mizunguko mingi, Wizara ikapewa magari sitini na manne. Moja kati ya hayo, jeupe, lenye kiyoyozi, lilikuwa la kubebea viatu vya Waziri vya kutembelea. Nimeviona kwa macho yangu. Vya buluu, kamba nyeupe, na soli yake safi kuliko sahani zangu.

*

Sisi tulikuwa tunakaa Makorongoni, mtaa wa nyumba za matofali ya kuchoma huko bondeni. Kutoka kwetu kwenda zahanati ilikuwepo njia ya mguu. Haikuwa na jina. Inaanzia nyuma ya choo cha Fundi Chilumba, inapita kando ya matuta ya mchicha, inavuka kijito juu ya jiwe pana lililolazwa pale kabla mimi sijazaliwa, inapanda kidogo, umefika. Mtu mwenye afya anakwenda dakika kumi. Bi Somoe alikuwa anakwenda dakika ishirini na tano, pamoja na kupumzika mara mbili.

Bi Somoe ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mwanamke mrefu, mpika vitumbua, ulimi wake hauna breki. Ana ugonjwa wa sukari. Mwaka ule alikanyaga msumari kwa mguu wa kushoto, chini ya dole gumba, kikawa kidonda ambacho hakitaki kufunga. Nesi Koleta wa pale zahanati alimkalisha akamwambia mbele yangu:

"Mama, sikufichi. Hiki kidonda nikikisafisha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kitapona. Ukikaa wiki nzima hujaja kitaoza, na mguu utakatwa. Yapo hayo mawili tu."

"Nimesikia, mwanangu," Bi Somoe akajibu. "Nitakuja hata kwa kutambaa."

Na akawa anakwenda. Mguu wa kulia ndala, wa kushoto soksi nene ndani ya kandambili aliyoikata mbele ili dole lipate nafasi. Mimi namshika mkono, nimebeba chupa ya uji wa ulezi. Hakukosa hata siku moja.

*

Wizara ikaiona njia yetu. Walikuja wataalamu kwa magari manane kuipima. Wakasema ni njia nzuri mno ya kufanyia mfano, kwa sababu watu tayari wanaipita, kwa hiyo haitashindwa. Wakaitandika matofali ya pevingi, mekundu na ya kijivu. Wakasimamisha taa za jua, wakaweka mabenchi, wakaweka mapipa matatu ya taka: la karatasi, la plastiki, na la tatu halikuandikwa kitu. Wakazungushia uzio wa waya pande zote mbili. Wakatia geti upande huu na geti upande wa zahanati. Juu wakaandika: NJIA YA KIELELEZO YA MWENDO MWEMA.

Siku ya kuikabidhi nilipiga vigelegele, mimi huyu, kwa mdomo wangu. Mpaka leo nikikumbuka vigelegele vile natamani kuvirudisha mdomoni.

Jumatano yake tunafika getini na Bi Somoe, tunamkuta Bwana Ngwatu amekaa kwenye kiti cha plastiki. Huyu ndiye Afisa Mwendo wa Kata: kijana mnene, mpole, fulana ya kijani imeandikwa NATEMBEA kifuani.

"Shikamooni, bibi zangu. Vyeti?"

"Marahaba. Vyeti vya nini, baba?" nikamuuliza.

"Vya Kuacha Gari Nyumbani."

"Gari la nani?"

"Lenu."

"Hatuna gari sisi."

Bwana Ngwatu akasikitika kweli, uso wake wote ukalegea. "Basi, bibi zangu, hamwezi kutembea."

Bi Somoe akacheka. "Na hapa nimefikaje? Nimeruka?"

Akafungua kitabu chake, akasoma kwa kidole. "Kifungu cha pili. Mtembea kwa miguu ni mtu yeyote mwenye gari, ambaye kwa hiari yake ameliacha nyumbani. Sasa wewe, bibi, hujaacha kitu. Wewe hutembei. Wewe umekosa usafiri. Ni mambo mawili tofauti, na hilo la pili liko wizara nyingine."

"Wizara ipi hiyo niende?"

"Bado haijaundwa."

"Na kidonda changu?"

"Kidonda ni Afya," akasema, akafunga kitabu polepole. "Mimi nashughulika na mwendo tu."

Tukazunguka kwa barabara kuu. Ni kilomita sita. Barabara ile haina pembeni, lami ikiisha ni mtaro, na malori ya mchanga yanapita yanakusukuma kwa upepo wake. Bi Somoe alitembea kwa muda wa karibu saa tatu. Nesi Koleta alipofungua bandeji alikuta vumbi limeingia hadi ndani ya kidonda. Alivuta taa karibu tu.

Na kwenye njia yetu wakaanza kupita watembea kwa miguu wenyewe, wale wa kifungu cha pili. Kila asubuhi magari yao yanakuja mpaka getini kwetu. Mtu anashuka, suruali ya mpira, chupa ya maji yenye mrija, taulo shingoni. Anaonyesha cheti, anaingia. Gari nyumbani halirudi, maana atarudi na nini? Dereva analizungusha kwa barabara kuu, kilomita sita, akamsubiri geti la pili. Kwa hiyo kila aliyetembea dakika kumi, gari lake lilikimbia kilomita sita, na moshi wake tukaumeza mimi na Bi Somoe tuliokuwa mtaroni. Siku moja mama mmoja aliteremsha kioo akatupungia.

"Hongereni kwa mazoezi, bibi zangu!"

Bi Somoe alitema mate. Mimi niliyameza yangu, na sijui kwa nini.

*

Tulilalamika, na nisiseme uongo, Wizara ilisikia. Ilituletea baiskeli.

Lori likaja na baiskeli ishirini, mpya, nyeusi, bado zina nailoni kwenye mikono. Mtaa mzima ukatoka. Fundi Chilumba, huyu wa choo nilichokitaja, ni fundi wa bodi za magari na mjuzi wa vyombo vya usafiri. Akaizunguka ya kwanza, akainama, akainuka.

"Bwana Ngwatu, magurudumu yako wapi?"

"Hazina."

"Zinakwendaje?"

"Haziendi. Unakanyaga ukiwa hapo hapo. Hakuna foleni, hakuna ajali, hakuna kugombania barabara. Huko ng'ambo wanaziweka vyumbani."

Chilumba akaisukuma. Ilikuwa imekaa juu ya chuma kizito kama kinu. Bwana Ngwatu akamwita Bi Somoe ajaribu wa kwanza, kwa kuwa malalamiko yalikuwa ya kwake. Tukampandisha watu watatu. Akakanyaga kwa mguu mmoja, wa kidonda ameuning'iniza pembeni, jasho linamtoka kwenye nyusi. Dakika arobaini. Bwana Ngwatu akasoma saa ndogo iliyo mbele ya usukani.

"Kilomita moja na mita mia mbili. Kwenda zahanati ni kilomita ngapi?"

"Moja haifiki," nikasema.

"Basi, bibi, umefika. Tena umepitiliza kidogo."

Bi Somoe akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kuku wa Chilumba.

"Nesi yuko wapi?"

"Hilo halihusu usafiri," Bwana Ngwatu akasema, na huku anaandika kitabuni: safari moja ya zahanati, bila gari. Akaomba dole gumba la Bi Somoe kama saini. Bi Somoe akamuuliza anataka la mkono au lile la mguu, na Bwana Ngwatu, maskini, akaenda kuangalia kwenye kifungu.

*

Aliyetutoa hapo ni Chilumba.

Uani kwake palikuwa na gari. Nasema gari kwa heshima. Lilikuwa jeupe zamani, halina magurudumu, halina vioo, limekaa juu ya matofali manne, na kiti cha nyuma kuku walikuwa wanatagia. Mwenyewe alilileta kunyooshwa mlango akahamia mkoa mwingine hakurudi tena.

"Mama zangu," Chilumba akatuambia, anafuta mikono kwa tambara, "hawa si wanataka gari lililoachwa nyumbani? Hili hapa. Nchi nzima hakuna gari lililoachwa kama hili."

Tukaangalia kitabu cha Bwana Ngwatu kifungu kwa kifungu. Hakikusema gari moja liwe la watu wangapi. Tukajiandikisha watu wazima wote wa Makorongoni tulio na miguu, arobaini na watatu. Bwana Ngwatu akaja kukagua na kalamu yake sikioni.

"Hili ndilo gari lenu?"

"Ndilo," tukaitikia.

"Mara ya mwisho kuendeshwa ni lini?"

"Miaka kumi na minne," Chilumba akasema.

Bwana Ngwatu akashika kifua. "Miaka kumi na minne! Kabla hata Mheshimiwa hajaenda ng'ambo!"

"Sisi tulitangulia kuelewa."

Akainua boneti, akachungulia. "Injini iko wapi?"

"Tulianza kwa kuacha gari," Chilumba akamweleza. "Tulipozoea, tukaacha na injini."

"Na magurudumu?"

"Yalikuwa yanatutia vishawishi," Bi Somoe akasema.

Hapo kuku mmoja akatoka kwa kelele kwenye kiti cha nyuma, akampiga Bwana Ngwatu bawa la shavu.

"Na huyu?"

"Huyo ndiye dereva. Tumempunguzia kazi."

Watoto walianguka chini kwa kucheka, lakini Bwana Ngwatu hakucheka. Jicho lake lilikuwa na machozi, naapa. Aliandika ukurasa mzima, akageuza, akaandika na nyuma. Kesho yake tukapewa vyeti arobaini na vitatu, vyenye picha na muhuri wa nyayo mbili. Cha Bi Somoe kilikuwa namba kumi na saba.

Tukapita getini. Siku kumi na moja Bi Somoe alipita juu ya pevingi, akapumzika kwenye benchi la serikali, akavuka jiwe letu lililopakwa chokaa. Nesi Koleta alikuwa anafungua bandeji huku anatabasamu. Nyama mpya ilishaanza kujaa, ya rangi ya waridi, safi.

"Wiki tatu tu, mama," akasema. "Wiki tatu hizi usikose, utavaa kiatu."

"Nitavaa vyote viwili," Bi Somoe akajibu, "nije nikuchezee hapa."

*

Kumbe karatasi za Bwana Ngwatu zilikuwa zinapanda ngazi. Huko juu Wizarani walikaa wakahesabu nchi nzima nani ameacha gari kwa kiasi gani. Makorongoni: wenye gari arobaini na watatu, kilomita walizoendesha, sufuri. Hapakuwa na mtaa mwingine wa kutukaribia. Ikatangazwa redioni kwamba Waziri mwenyewe atakuja Jumamosi, Siku ya Kutembea, kutukabidhi tuzo ya taifa.

Waziri akataka afike kwa kupitia Njia ya Kielelezo, maana ni kazi ya Wizara yake. Ila njia ilikuwa na upana wa mita mbili, na msafara ulikuwa na magari sitini na manne. Wataalamu wakakaa kikao, wakaona kosa ni la njia.

Jumatatu alfajiri likaingia greda. Liling'oa pevingi nyekundu na kijivu, likang'oa mabenchi na taa, likasukuma matuta ya mchicha upande mmoja. Jiwe la kijitoni walilipasua kwa nyundo vipande sita, wakalaza mabomba, wakamwaga kifusi. Bi Somoe alikuwa amesimama getini na cheti chake mkononi.

"Rudi, bibi," mlinzi akamwambia. "Njia inatengenezwa kwa ajili yenu."

Tukageuka kwenda barabara kuu. Kule nako askari. Barabara ilikuwa inapigwa mistari, na amri ilikuwa imebandikwa kwenye nguzo: kuanzia leo mpaka Jumamosi saa nne asubuhi ni marufuku kutembea kwa miguu, ili wananchi wapumzishe miguu kwa ajili ya Siku ya Kutembea, na ili viongozi wasikute watu wanatembea ovyo kabla ya uzinduzi.

Jumatano Chilumba alimlaza Bi Somoe kwenye mkokoteni, akamfunika kanga, akasukuma. Askari walimrudisha. Mkokoteni, walisema, si miguu wala si baiskeli, hauko kwenye orodha.

Niliuosha mimi ule mguu. Nilichemsha maji ya chumvi, nikachemsha na vipande vya kanga ya zamani, nikaanika juani. Ijumaa asubuhi nilipofungua, harufu ilinirudisha nyuma mpaka mlangoni. Nimelea watoto saba, nimeosha ndugu zangu waliokufa, pua yangu imeona mengi. Ile ilikuwa nyingine. Dole gumba limekuwa rangi ya bilinganya, na ile nyama ya waridi imelainika, inateleza.

"Shoga, usiniambie," Bi Somoe akasema, anatazama dari. "Nishakuona usoni."

Nikamkimbilia Bwana Ngwatu. Alikuwa anafunga vitambaa vya kijani kwenye hema.

"Baba, mguu wa Bi Somoe unaoza. Mpe asubuhi hii moja tu apite."

"Jamani bibi, vumilieni, kesho si mbali!" Akanishika bega, na alikuwa na furaha. "Tena nina habari. Bi Somoe ndiye ameteuliwa kupokea tuzo. Mtembeaji mkongwe kuliko wote. Mvalishe vizuri."

*

Jumamosi tuliambiwa saa nne. Msafara ulifika saa saba na nusu. Ving'ora kwanza, kisha magari, yanapita juu ya njia yetu moja moja, na sisi kwa adabu tunayahesabu. La sitini na nne lilikuwa la wagonjwa, jipya, maana huwezi kujua, Waziri anaweza kuteguka.

Waziri hakushuka mara moja. Likasogezwa lile gari jeupe, viatu vikatolewa, akavalishwa akiwa amekaa. Ndipo akaweka nyayo chini. Kutoka mlango wa gari mpaka kiti chake zilikuwa hatua tisa. Alikuwepo bwana wa kuzihesabu kwa kidude cha kubonyeza, na ya tisa ilipolia tukapewa ishara tushangilie.

"Ndugu zangu wa Makorongoni!" Waziri akaanza. "Leo naona mbele yangu watu waliokombolewa kutoka utumwa wa gari! Mngeweza kuendesha. Hamkuendesha. Mngeweza kujaza mafuta. Mkakataa! Dunia inatutazama kupitia magoti yenu!"

Alisema dakika hamsini. Juu ya meza kuu kulikuwa na maji ya chupa, maua ya plastiki, na korosho kwenye visahani. Wageni walikuwa wanatafuna polepole. Bi Somoe alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yangu, kanga mbili zimefungwa mguuni, homa inamtetemesha, na nzi wameshaacha korosho za wakubwa wamemfuata yeye.

Kisha wakafunua tuzo. Ilikuwa gari. Jeusi, jipya, lina utepe mwekundu juu ya boneti.

"Mtaa ulioacha gari kuliko mitaa yote," Waziri akasema, "tumeupatia gari bora zaidi la kuacha!"

Chilumba alimwendea Bwana Ngwatu mbio. "Nipe ufunguo. Nampeleka Bi Somoe zahanati, dakika tano nimelirudisha."

"Umechanganyikiwa?" Bwana Ngwatu akamnong'oneza. "Likiwashwa tu, tuzo imefutwa. Mbele ya Waziri?"

Wakamwita Bi Somoe. Zulia lilikuwa na hatua kama thelathini. Nilimshika kiuno. Ule mguu mbovu alikuwa anaukanyagia kisigino, na kila hatua pumzi yake inatoka na sauti ndogo. Kamera zinarudi nyuma mbele yetu. Waziri akasimama na maikrofoni.

"Itazameni miguu hii! Hii ndiyo miguu ya taifa! Miaka sabini haijainyenyekea injini! Mama, miguu yako ni utajiri wetu!"

Bi Somoe akafika mezani. Akaomba kiti, akaletewa. Akakaa, akafungua kanga ya kwanza, akafungua ya pili, bila haraka, kama mtu anayemvua mtoto nguo akaoge. Kisha akaunyanyua mguu kwa mikono miwili akauweka juu ya meza kuu, katikati ya maji na korosho.

"Mheshimiwa," akasema, na maikrofoni ilikuwa karibu, mtaa wote ukasikia. "Umeusifu tangu umefika. Utazame basi."

Hakuna aliyepumua, na aliyepumua alijuta. Mama mmoja wa Wizara alitema korosho ndani ya karatasi ya ratiba, akaikunja vizuri, akakosa pa kuiweka. Waziri alijifunika pua kwa hotuba yake.

"Mwanzoni mwa wiki ulikuwa unapona," Bi Somoe akasema. "Nimekuja getini kwako na cheti chako. Mmenizuia kutembea ili mje mnipe tuzo ya kutembea. Ule mzima ndio huu ulionifikisha hapa, ukitaka kuusifu na wenyewe."

"Ondoeni," Waziri akasema ndani ya karatasi.

"Niondoe nini, Mheshimiwa?" Bwana Ngwatu akauliza.

"Hiyo. Yote."

Ndipo likaitwa gari la wagonjwa. Lilikuwa halijawahi kubeba mgonjwa, lilikuwa limejaa soda za wageni. Wakateremsha kreti kumi na moja, moja moja, wakizipanga kivulini zisipate joto. Ndipo Bi Somoe akapakiwa, nami na Chilumba tukapanda nyuma. Barabara ilikuwa pana, laini. Tulifika zahanati kwa dakika nne.

*

Nesi Koleta alitazama mara moja tu, akafunika.

"Hapa kwangu hamna kazi tena," akasema. "Huu unakwenda hospitali ya mkoa, na utakatwa. Tumuombe Mungu uishie chini ya goti."

Mimi nilijishika mdomo. Bi Somoe alikuwa amelala chali, macho makavu.

"Bahati yangu," akasema, "kichwa hawakukisifu."

Mlango ukafunguliwa akaingia Bwana Ngwatu. Alikuwa ameletwa na gari la Wizara, lilikuwa linanguruma nje. Ana fomu mkononi, na hakututazama.

"Poleni, bibi zangu. Ni kifungu cha tano. Bi Somoe amepanda gari. Cheti chake kinafutwa, na kwa kuwa gari la mtaa ni la wote, vinafutwa na vya wote arobaini na watatu. Nahitaji saini, na sababu ya kushindwa kutembea."

Chilumba akainuka. Nikamvuta shati akakaa.

Nesi Koleta hakumjali Bwana Ngwatu. Alikuwa ananikazia macho mimi, na hasira yake ilikuwa ya mtu aliyefanya kazi yake yote ikamwagwa. "Wiki nzima, bibi! Wiki nzima mmekaa wapi na mguu huu? Mmehamia wapi huko mpaka mnashindwa kufika hapa?"

Nilimshika mkono nikampeleka dirishani. Upande wa pili wa bonde zilikuwa zinaonekana nyumba zetu, na mlango wa buluu wa Bi Somoe, na kamba yake ya nguo, na kanga ya kijani niliyoianika asubuhi ile inapepea.

"Pale," nikamwambia.

Nesi akatazama. Bwana Ngwatu naye akaja akasimama nyuma yetu, akafumba jicho moja, akanyoosha kalamu mbele kama anayepima, maana kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya umbali.

"Ni mita mia nane, au mia saba?" akauliza. "Niandike ngapi?"

Aliyemjibu ni Bi Somoe, kutoka kitandani, bila kugeuza kichwa.

"Andika mbali, mwanangu. Mbali sana."

Na Bwana Ngwatu akaandika.